Dalali wa Hamriya na Nyumba ya Unguja

Mtu wa Maskati akitaka nyumba Unguja, watu walikuwa wakimpeleka kwake. Ilitosha useme harusini au msibani kwamba unafikiria kununua kitu kule, na mtu mmoja angekuuliza, "Umekwenda kwa Dalali?" Jina halikuhitajika. Madalali walikuwa wengi katika mtaa wetu wa Hamriya pale Maskati, Wahindi, Wabaluchi, Waarabu wa ndani, lakini wa sisi tunaosema Kiswahili alikuwa mmoja, na kanuni yake ilijulikana hata na watoto: usiiandikishe nyumba kwa jina la mtu, hata akiwa mama yako mzazi, mpaka atie saini mbele ya wakili na mashahidi kwamba nyumba si yake. Aliwaambia wateja, akawaambia wasiokuwa wateja, akaniambia mimi ambaye sikuwa na hata nia ya kununua banda la kuku. Na nyumba aliyoitamani yeye mwenyewe miaka yote, siku alipoinunua, aliiandikisha kwa jina la dada yake, na dada hakutia saini kitu chochote. Nimekaa jirani na mtu huyu miaka mingi na jambo hilo bado nalizungusha kichwani.

Ujirani wetu ulikuwa wa ofisi. Nilikuwa na ofisi ya kutafsiri, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao uliopakwa rangi ukadanganya kuwa ni wa mawe. Nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Mikataba yake ya Kiswahili alinipa niigeuze Kiarabu kwa ajili ya wateja, na kila mara alikuwa na neno la kubishia, mara nyingi akiwa hana haki, na hakukubali hata siku moja kwamba hana haki. Nilimwita Ami, kama tunavyowaita wanaume wote wa umri wa baba zetu. Yeye aliniita bibi wa bara, kwa sababu sisi ni Waomani tuliolelewa Mwanza, na kwa mtu wa Unguja hiyo ni kasoro ya kutaniwa mpaka kaburini. Alidai Kiswahili chetu kina vumbi. Nilimjibu kwamba chao kimeliwa nusu, ndiyo maana hawamalizi maneno.

Alikuwa mrefu, mkavu, dishdasha yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na mkononi mwake hakukosa shada la funguo za fleti za watu. Ufunguo wake mwenyewe ulikuwa mmoja tu, nadhani, wa nyumbani kwake Khoudh, pembezoni mwa Maskati. Akiingia kwenye nyumba hakuisifu na hakuangalia sebule. Alikwenda moja kwa moja chooni. Alifungua mabomba yote, akavuta maji, akasimama kusikiliza yanavyoshuka, kama daktari anavyosikiliza kifua. Kisha alizima kandishen, saa sita mchana, mwezi wa saba, akakaa chini sakafuni, na mteja hakuwa na budi kukaa naye huku jasho linamtoka. Baada ya hapo alitoa hukumu, na hukumu zake zilikuwa mbili tu: inakalika, au haikaliki. Mhandisi mmoja alimwonyesha nyumba ya marumaru, ngazi imezunguka kama ya ikulu, akaambiwa haikaliki. Alipouliza sababu, Dalali alisema jiko limegeukia jua la alasiri, na atakayepika humo atagombana na kila mtu mpaka siku atakayohama.

Wakati ule, miaka ya tisini ikianza, watu wetu walikuwa wameanza kwenda tena Unguja bila hofu kubwa, na kila aliyekwenda alirudi na wazo la nyumba. Walikuwa wamekaa Maskati miaka ishirini na zaidi. Walikuwa na kazi serikalini, maduka, watoto wanaosoma chuo kikuu, na majumba yaliyozungukwa na kuta ndefu. Hapa waliitwa Wazinjibari, hata na watu waliowapenda. Kule waliitwa Waarabu wa Omani. Nyumba, nadhani, ilikuwa ni ya kukatia shauri hilo. Mtu mwenye nyumba mahali haulizwi anatoka wapi, au ndivyo walivyojisemesha.

Kabla ya kununua walitumiwa kanda za video. Mpwa aliyebaki kule alikodi kamera, akaipiga nyumba, na kanda ikaja Maskati kwenye begi la mtu. Dalali alikuwa na televisheni ndogo juu ya kabati la chuma, na hapo ndipo zilipochezwa. Nilizitazama nyingi, maana nilikuwa nikiitwa nije kushuhudia, na zote zilikuwa moja. Kamera inaanza barabarani, inaonyesha mlango wa nakshi, inapanda ngazi ikitikisika, inakwenda dirishani kuonyesha bahari, inarudi kwenye boriti za dari, halafu inamalizia kwa watoto wa jirani wanaopunga mikono. Mwenye kanda huwa ameshaanza kulowa macho. Ndipo Dalali anapoirudisha nyuma, anaisimamisha, na kuuliza, "Choo kiko wapi? Mbona hakupiga choo?" Alionyesha kwa ufunguo mahali ukuta ulipovimba kwa maji, mahali boriti ilipoegemezwa mti, na nyuzi za nguo zilizokatiza ukumbi, zinazoonyesha kwamba humo ndani kuna familia tatu na hakuna hata moja iliyoambiwa kuwa nyumba inauzwa.

Aliyelia hakumuuzia. Hilo nalo lilikuwa kanuni. Mzee mmoja mstaafu wa wizara, mtu mzima mwenye tumbo na heshima zake, aliona kwenye kanda duka la mkate alilokuwa akitumwa utotoni, akaangua kilio kama mtoto. Dalali alizima televisheni, akampa maji, akamwambia arudi mwezi ujao. Leo umekuja kulia, alimwambia, na kulia ni bure, karibu tena. Yule mzee aliona ametukanwa. Alikwenda kununua kwa njia nyingine, kwa jina la binamu, kwa kuaminiana, na alipokwenda likizo na mkewe, mke wa binamu alimfungulia dirisha na hakumfungulia mlango. Habari zilipofika Hamriya tulitegemea Dalali atatamba. Hakutamba. Alifunga ofisi mapema, akaenda kukaa na yule mzee baraza nzima ya jioni, na sijui walizungumza nini.

Swali lake kubwa, lililowaudhi wote, lilikuwa kuhusu pasipoti. Mteja anaketi, anaanza kueleza: mimi nimezaliwa Malindi, baba yangu alikuwa na duka Darajani, bibi yangu amezikwa Mwera. Dalali anamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu anauliza pasipoti yake ni ya wapi. Kila mtu alijua jibu. Ya Omani, na uraia ni mmoja, huwezi kuwa na miwili. Basi, anasema, kule wewe ni ajnabi. Neno hilo lilimwangukia mtu vibaya. Nimesikia kupitia ukuta wangu wa mbao watu wazima wakimtukana kwa ajili yake. Alikuwa akiwaeleza taratibu kwamba sheria haina chuki. Ardhi ya kule ni ya serikali, na asiye raia haandikishwi. Tajiri wa kujenga hoteli ana njia yake ya kukodishwa kwa miaka mingi. Mtu wa kawaida anayetaka vyumba vitatu vya kuzeekea hana njia, ila amtafute ndugu aliyebaki, mwenye kitambulisho cha kule, aandikwe yeye. Na hapo ndipo alipoanza hotuba yake ya wakili na mashahidi.

Mama yangu naye alipatwa na homa hiyo. Sisi Unguja hatukuwa na mtu, lakini kila rafiki yake alikuwa ananunua, naye akaona atabaki peke yake kwenye mazungumzo. Alikwenda kwa Dalali amevaa dhahabu zake. Akaulizwa ana nani kule. Akasema kuna muuza duka mmoja, mtu mwema sana, anayeweza kumwandikisha. Dalali alimuuliza kama analijua jina la pili la huyo mtu mwema, na mama alikuwa halijui. Akamwambia anunue kiwanja Khoudh, ambako wakati ule kulikuwa na changarawe na upepo na chuo kikuu kwa mbali. Mama alirudi nyumbani amevimba. Alisema huyu Mzinjibari anatunyima kisiwa chao. Kiwanja alikinunua hata hivyo, kwa hasira, na leo kuna nyumba yenye wapangaji wanafunzi, na mama anasimulia kama wazo lilikuwa lake.

Lazima niseme pia kwamba alikuwa mwongo. Ukweli mdomoni mwake ulikuwa unakwenda likizo. Alimwambia mwenye fleti kwamba mpangaji hana watoto, kisha akamwambia mpangaji awalaze mapema wale sita kwa mwezi wa kwanza. Alimwambia kila mnunuzi kwamba kuna mwingine anayekuja Jumamosi. Lakini kwenye karatasi hakuandika uongo, na mimi niliyezisoma karatasi zake zote naweza kuapa. Nilimuuliza mara moja inakuwaje. Alisema la mdomoni mtu anaweza kulisahau ukalala naye salama, la maandishi halisahau, kwa hiyo ni lazima uliogope. Nilidhani siku ile nimemwelewa.

Alisema pia kwamba hana hamu ya Unguja. Alilisema hilo mara nyingi mno kwa mtu asiye na hamu. Msafiri akirudi, wengine walimuuliza habari za wazima na wagonjwa. Yeye aliuliza kama ule mfereji wa nyuma ya soko umezibuliwa, kama bado wanafunga duka fulani wakati wa adhuhuri, kama mvua za vuli zimekuja kwa wakati. Wanawe walizaliwa hapa, wanasema Kiarabu, na Unguja kwao ni hadithi ya baba wanayomkata katikati kwa heshima. Nyumbani kwake Khoudh kulikuwa na ukuta mrefu mbele, na mbele ya ukuta barabara, na ng'ambo ya barabara ukuta mwingine. Aliniambia amekaa pale miaka na jirani wa kulia anamjua kwa gari lake tu. Alichotaka uzeeni, na hili alinieleza bila mzaha wowote, ni kuamka, kushuka ngazi, kufungua mlango, na kukuta watu wameshakaa nje wanabishana jambo ambalo hakulianza yeye. Nusu ya mwaka hapa kwa watoto, nusu kule. Ndiyo nyumba aliyoitafuta, na aliitafuta kwa miaka yote aliyokuwa akiwatafutia wengine.

Ijumaa asubuhi alikuwa akienda Qantab kununua samaki mashuani, na mara nyingine alituchukua mimi na mama, pamoja na mkewe. Alikwenda kwa ajili ya samaki na kwa ajili ya ugomvi. Aliwaambia wavuvi kwamba samaki wao hawana ladha, kwamba changu wa Unguja ukimkaanga mtaa mzima unajua, na wavuvi waliomzoea walimjibu aende basi akavue huko kwao. Alicheka sana akijibiwa hivyo. Siku moja, katikati ya miaka ile ya tisini, mama na mkewe wakiwa wanachagua, alisimama kando yangu akasema ameshanunua.

Nilimpongeza. Alinieleza nyumba yenyewe: ghorofa moja, Vuga, kisima ndani, choo amekisikiliza mwenyewe, maji yanashuka vizuri. Inakalika, alisema, na nilimwona anajizuia kutabasamu. Nikamuuliza ameandikishwa nani, maana na mimi nilikuwa nimeshafundishwa. Akasema dada yake.

Dada huyu nilimsikia kidogo kidogo miaka yote. Alikuwa mkubwa wake, ameolewa na mtu ambaye hakutaka kuondoka, na wakati ndugu wote walipopanda meli yeye alibaki. Akafiwa na mume, akalea watoto, akahama chumba hadi chumba cha kupanga. Dalali aliondoka akiwa kijana. Alikuwa akimtumia vitu kila akipata mtu wa kwenda, vitenge, dawa, sabuni za kunukia, na alipoanza kwenda mwenyewe alifikia kwake, akalala sebuleni kwenye godoro.

"Na karatasi?" nilimuuliza.

Aligeuka kutazama kama mkewe anasikia.

"Karatasi ilikuwemo mfukoni, imeshapigwa chapa, wakili keshaitayarisha," alisema. "Nkafika nyumbani kwake nkamkuta kapika. Kaleta birika na bakuli, kaninawisha mikono mwenyewe, dada yangu mkubwa, mimi ndo wa kumnawisha yeye. Sasa bibi wa bara, nambie wewe. Mtu kakunawisha mikono, unamtolea karatasi ya kusema we si mwenyewe?"

Nikamwambia angeitoa baada ya kula. Akasema baada ya kula waliletwa wajukuu wamsalimie. Siku ya pili waliitembelea nyumba, dada akashika kuta kwa kiganja, chumba baada ya chumba, na hakuuliza lolote. Wakaenda kuandikisha. Dada akaweka jina lake pale alipoambiwa aweke, na Dalali akamwambia maneno aliyoyaona yanatosha: nyumba hii kaa wewe na wanao, mimi nitakuwa nakuja. Hakusema ni yako. Hakusema ni yangu. Aliona aibu kuweka mpaka baina yake na mtu aliyembeba mgongoni. Hii aibu naijua, ni ya kwetu sote. Tunaweza kumdai Baluchi, benki na serikali, lakini ndugu wa tumbo moja huwezi kumwambia tia saini hapa bila kuwa umemwambia sikuamini.

Kila mwaka baada ya hapo alikwenda wiki chache. Alitengeneza paa, akabadilisha boriti zilizooza, akatuma rangi kwa meli kwa sababu rangi ya kule hakuiamini. Chumba cha juu kinachotazama barabara alikifunga kitasa cha Maskati. Alirudi Hamriya amenona na anasimulia mabishano ya mlangoni kwake. Na wakati huohuo aliendelea kuwahubiria wateja kuhusu wakili na mashahidi, kwa sauti ileile, bila kupepesa jicho. Nilipomchokoza kupitia ukuta, aliniambia daktari naye anaumwa.

Dada alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Simu ilikuja ofisini kwake na niliisikia sauti ya Dalali upande wa pili wa ukuta inarudia "haya, haya, haya" mpaka nikaondoka kwenye meza yangu nikaenda kumshika mkono. Hakuwahi mazishi. Alifika wakati wa hitima, na akakaa huko karibu miezi miwili, na wakati huo Hamriya nzima ilishaanza kujadili nyumba. Marehemu ameacha watoto, wa kiume wakiwemo, kwa hiyo kaka hana fungu. Nyumba iko kwa jina la marehemu. Dalali hana maandishi. Watu walitikisa vichwa, wengine kwa huruma, wengine, nasikitika kusema, kwa raha ya kumwona mwalimu ameanguka mtihani.

Kumbe wale watoto walikuwa waungwana. Wenyewe walimpigia mkewe Khoudh na kueleza kwamba wanajua mama yao hakuwa na uwezo wa kununua hata mlango wa nyumba ile. Wanachotaka ni mjomba aseme neno moja mbele ya shekhe anayegawa mirathi, kwamba mali ni yake, na wao hawatapinga. Mkewe alikuja ofisini kwangu na habari hiyo amefurahi. Nilimpigia simu Dalali mwenyewe. Nilimwambia aseme, ni ukweli mtupu, hamdhulumu mtu, na uzee wake wote uko kwenye neno hilo. Alinishukuru. Aliuliza hali ya mama.

Aliporudi hakusema kitu, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilichukulia kwamba mambo yamekwisha vizuri. Hakwenda Unguja mwaka uliofuata, nikadhani ni magoti. Hakwenda na wa pili. Halafu jengo letu likauzwa, mimi nikahamia Khoudh karibu na chuo, ambako kazi ya tafsiri ilikuwa nyingi, naye akaifunga ofisi akaacha biashara. Tukawa tunaonana Idi kwa Idi, na mara nyingine sokoni akimkaripia muuza tikiti.

Mara ya mwisho nilipokaa naye hasa ilikuwa alasiri moja, miaka ya elfu mbili inaelekea ukingoni. Nilikwenda kumjulia hali baada ya kusikia amelazwa. Nilimkuta sebuleni, amekonda, funguo hazimo tena mkononi, na mikono yenyewe imekosa pa kukaa. Mkewe alileta kahawa na halua akatuacha. Tulitaniana kidogo kuhusu vumbi la bara. Kisha, kwa kutaka kumpa jambo la kufurahia, nikamwambia apone haraka aende Vuga kwenye chumba chake cha juu.

"Nyumba ishauzwa," alisema. "Kachukua mzungu, kafanya hoteli. Niliwauzia mimi mwenyewe."

Nilifikiri ni ugonjwa unaomsemesha. Akanieleza kwa utulivu. Watoto wa marehemu walishindwa kuigawa, kila mmoja ana shida zake, wakamwomba mjomba kwa vile ni kazi yake awatafutie mkodi mzuri wa miaka mingi, maana kwa mgeni ndiko kuuza kwenyewe, na yeye akawatafutia. Akakaa kwenye simu ya nyumbani wiki nzima mpaka wakapata bei inayofaa. Kila mmoja akapata fungu lake la kisheria. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla hajafunga ofisi, na karatasi zake, alisema, hazina doa.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na wale watoto, na ile sheria, na mimi mwenyewe sijui kwa nini. Nilimuuliza kama wale watoto walimgeuka. Akasema hapana, siku ya mirathi walimtazama yeye, wanamsubiri. Shekhe akauliza nyumba ya nani. Yeye akajibu ya marehemu, na shekhe akaendelea.

"Ungesema neno moja tu, Ami."

Akaniambia habari ya hitima. Wanawake wa mtaa walikuja kumpa mkono wa tanzia, mmoja baada ya mmoja, na kila mmoja alimwambia kitu kilekile: wewe ndiye kaka aliyemnunulia nyumba. Hakuwaelewa mwanzo. Mzee mmoja wa kike akakaa, akamweleza. Mwaka ule walipohamia, dada yake alisomesha maulidi, akaalika mtaa mzima, mpaka waliowahi kumfukuza kwenye vyumba vyao. Baada ya chakula akasimama, mtu ambaye hakuwa na mazoea ya kusimama mbele za watu, akasema ndugu zangu waliondoka wote wakaniacha, na mlikuwa mkiniita yule walomwacha, na mimi nilisikia. Basi tazameni. Mdogo wangu amerudi, amenipa nyumba. Tokea siku hiyo, yule bibi alisema, hakuna aliyemwita hivyo tena. Na kila mwaka Dalali akija na rangi zake na boriti zake, dada alikuwa akiwaambia majirani, mnamwona, bado ananitengenezea.

"Miaka yote nalala juu, yeye chini," alisema. "Mimi nikidhani yeye kakaa kwangu. Yeye anajua mimi ndo nimekaa kwake. Na akinipikia."

Nilikuwa na kikombe mkononi na kahawa yake imepoa. Kazi yangu ni maneno, na nimezoea kuuliza mtu alisema nini hasa. Nikamwambia, kwa upole niliouweza, kwamba hata hivyo hakumpa. Hakuna siku aliyotamka kwamba anampa.

"Sikumpa," alisema. "Wallahi sikumpa, wala haikunipitia. Lakini yeye kapokea, mwanangu. Kapokea mbele za watu, na kanishukuru mpaka kafa. Sasa mimi nende kwa shekhe, nikamtoe nyumbani kwake, na keshazikwa?"